Mkia wa -ee na Mwanafunzi Aliyeleta Mifano Hai

Wenzangu mnaobaki na ubao, prefe, mkuu wa shule yetu, ameniomba niwaandikie maneno machache ya busara kwa kuwa nimestaafu. Busara sina. Ningekuwa nayo nisingefundisha Kiingereza mjini Bunia maisha yangu yote, mahali ambapo kila mtu tayari ana lugha nne na hakuna hata moja inayosaidia. Nina kumbukumbu za kazini tu. Habari za kupandishwa cheo naziruka, maana wote waliopandishwa walikuwa shemeji za mtu fulani. Mishahara nayo nairuka kama yenyewe ilivyokuwa ikituruka sisi, bila kuomba radhi.

Siku yangu ya kwanza niliingia darasani na kitabu kinene nilichokibeba kutoka Kisangani, nikaandika ubaoni aya nzima juu ya hali ya hewa ya London. Darasa zima likainakili kwa bidii, mvua, ukungu, mvua tena. Mwishoni msichana wa nyuma akanyoosha mkono na kuuliza, "Madame, na huko wananika nguo wapi?" Lilikuwa swali pekee lenye akili siku ile, na jibu sikuwa nalo. Nilitoka nikiwa nimejaa chaki mpaka kwenye nywele na nimesadiki kwamba wanafunzi wa Bunia hawana vichwa.

Aliyenisahihisha alikuwa Mwalimu Yokana, mzee wa darasa la jirani, ambaye alinisikiliza kupitia dirisha lisilokuwa na kioo. Yeye Kiingereza alikipata ng'ambo ya Ziwa Albert, alikokwenda ujanani kuswaga ng'ombe wa mjomba wake, akarudi na lugha bila ng'ombe. Mjomba hakumsamehe kamwe. Aliniita nje, akanikalisha kwenye jiwe.

"Mutoto wangu, ng'ombe ikilala na inakataa kusimama, unaishikaka wapi?"

"Kwenye mukia, Muzee."

"Njo vile na neno ya Kiingereza. Weye unaishika kwenye kichwa, inakulalia. Shika mukia, itasimama yenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya ualimu, ile nyingine ya Kisangani ilinipa cheti tu. Mwalimu Yokana aliyapanga maneno kwa mikia yao. Kulikuwa na ukoo wa "-er", watu wanaofanya jambo, na ukoo wa "-ee", watu wanaofanyiwa. "Employer" anaajiri, "employee" anaajiriwa. "Trainer" anafunza, "trainee" anafunzwa. "Payer" analipa, na "payee" ni yule anayelipwa, ila huyo wa mwisho hatukuwahi kumpata katika walimu wote wa shule, kwa hiyo tulimfundisha haraka haraka na kupita. Kila mwaka kulikuwa na mwerevu mmoja aliyeleta "coffee" na "knee", kahawa na goti. Nilimwambia mikia ikifanana haina maana mama yao ni mmoja.

Kuna siku nilimbana mzee juu ya "refugee", yaani mkimbizi. Nilimwambia huyo anakimbia mwenyewe, kwa miguu yake, kwa nini yuko kwenye ukoo wa wanaofanyiwa? Mwalimu Yokana akacheka mpaka akakohoa. "Miguu ni yake," akasema, "lakini kukimbia si yake. Amekimbizwa." Wakati ule nililiandika kama maelezo mazuri ya lugha. Tulikuwa bado na amani ya kuweza kuandika mambo kama hayo.

Sharti lake la pili lilikuwa gumu zaidi. Neno halipewi pointi mpaka mwanafunzi alete mfano hai, mtu wa nyama na damu asimame mbele ya darasa aonekane. Tulipofundisha "-er" tuliletewa mkulima na jembe lake, dereva wa misheni, na kinyozi mmoja aliyemnyoa mwanafunzi pale pale ili kuondoa shaka. Prefe wa wakati ule alisema shule imegeuka soko. Lakini wanafunzi wale mpaka leo ukiwakuta barabarani watakwambia "barber" ni nini, na watakuonyesha kovu.

Mtaniuliza vifaa. Ubao wetu ulipakwa unga wa betri zilizokufa uliochanganywa na maji ya majani, na ulipopauka tuliwapeleka watoto kuomba betri nyingine kwa majirani. Chaki zilipokosekana tuliandika kwa vipande vya muhogo mkavu. Muhogo unaandika vizuri, kasoro yake ni moja tu, mbuzi nao wanaujua. Mbuzi wa mlinzi aliwahi kula chaki ya muhula mzima asubuhi moja, na hakuonyesha maendeleo yoyote katika Kiingereza.

Kisha vita vikaja. Nani alipigana na nani mnajua, na kama kuna kijana kati yenu asiyejua, hongera, abaki hivyo hivyo. Mji ulibadilisha wenyewe mara nyingi kuliko mimi nilivyobadilisha kitenge. Kila waliofika walitwambia wamekuja kutukomboa, na kila walipoondoka tulikuwa tumepungua. Mwalimu Yokana alikwenda kwa watoto wake upande wa Aveba, akafa huko kwa malaria, kitandani, jambo ambalo miaka ile tulilihesabu kuwa bahati kubwa. Nilimlilia kama baba.

Mimi na mume wangu tulibaki mtaani kwetu, Shari. Étienne alikuwa fundi wa redio, mtu mpole aliyekuwa akiongea na mashine zaidi kuliko na wageni. Mimi ni wa upande huu na yeye wa upande ule, na kwa miaka yote ya ndoa yetu jambo hilo lilikuwa la kuchekeana tu mezani, nani kwao wanapika vizuri. Ghafla likawa jambo la kufia.

Shule ilifungwa. Siku moja nilikwenda kuangalia kama paa bado lipo, nikamkuta mtu amesimama uani na walinzi wake. Alikuwa Komanda Bravo. Jina hilo alijipa mwenyewe, na kwa hivyo akatuondolea sote taabu ya kumpongeza.

"Weye njo Madame wa Anglais?"

"Ni mimi, komanda."

"Nataka kujifunza."

"Shule imefungwa."

Alimtazama mlinzi mmoja. Mlinzi akapiga mlango wa darasa teke, mlango ukaenda chini.

"Imefunguliwa," akasema Bravo.

Haja yake ilikuwa ya kueleweka. Waandishi wa redio za nje walikuwa wakija kumhoji kwa Kiingereza, naye hakumwamini mkalimani wake. "Mi naongea murefu," alinilalamikia, "yeye anasema maneno mbili, wazungu wanaandika. Sasa yangu ingine inaendaka wapi?" Nikamwambia nitafundisha kwa masharti ya shule. Bunduki zinabaki nje ukutani. Mwalimu akiingia watu wanasimama na kusalimu. Na hakuna mfano hai, hakuna pointi. Nilitegemea atakataa. Alifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Tangu siku ile, kila mchana wa darasa, watu waliokuwa wakiogopwa na mji mzima walisimama kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao, wakaimba kwa pamoja, "Good afternoon, Madam."

Niseme wazi, alikuwa mwanafunzi bora kuliko wengi niliopata wakati wa amani. Hakuchelewa. Alifanya kazi za nyumbani. Alimpiga kofi mlinzi aliyesinzia, nikamkemea kwamba katika darasa langu hapigwi mtu, akaomba msamaha, akamsubiri yule mlinzi nje. Nami nilikuwa na hesabu yangu. Nilidhani nyumba ya mwalimu wa komanda haitaguswa. Ila Bravo hakujua nyumba yangu wala mume wangu. Shuleni nilijulikana kwa jina langu la nyumbani kwetu, na sikuona faida ya kujitambulisha zaidi.

Mchana mmoja narudi kutoka darasani, namkuta jirani yangu Mama Pelajia amekaa kwenye kizingiti changu.

"Wamemubeba Étienne."

"Nani?"

"Watu ya bunduki."

"Wa upande gani?"

"Mama Jeannette, mi naliona bunduki, sikuwauliza karatasi ya ubatizo."

Kosa lake lilikuwa foni, ile redio ya kusema na kupokea, ambayo parokia ilimletea aitengeneze. Walisema anazungumza na adui. Foni ile ilikuwa imepasuliwa mezani, haina betri wala waya, haikuwa na uwezo wa kuzungumza hata na chumba cha pili. Nilitaka kukimbilia kila kambi nikiuliza. Mama Pelajia alinishika nguo.

"Usitaje jina yake kwa mutu! Mama moja ya Nyakasanza alienda kuomba bwana yake na jina. Wakasema, aa, kumbe huyu ni mutu ya maana. Wakamumaliza ile siku ile ile."

Basi nilikaa. Sijui kama mmewahi kukaa namna hiyo, mkijua kwamba kunyamaza ndiyo kazi yote mnayoweza kufanya. Nilipika chakula cha watu wawili nikakimwaga. Darasa lililofuata nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungeuliziwa sababu. Na pale, chini ya dawati la mbele, niliona viatu vya Étienne miguuni mwa mlinzi. Nisingekosea. Kisigino cha kushoto alikuwa amekishona mwenyewe kwa waya wa shaba uliotoka kwenye redio. Mwanafunzi wangu bora ndiye aliyekuwa naye. Nyuma ya kambi ya Bravo kulikuwa na kontena la chuma, zamani la kuwekea maharage, na mji mzima ulijua sasa linawekewa nini.

Kumwomba sikuweza. Hata kama Bravo angetaka kunisikiliza, asingethubutu mbele ya vijana wake kumwachia mtu wa upande ule kwa sababu mke wake amelia. Siku hiyo hiyo angeacha kuwa komanda. Nilibaki na kitu kimoja tu ambacho watu wale walikiheshimu, nacho kilikuwa masharti ya shule.

Nikaanza kufundisha ukoo wa "-ee".

Nilikwenda polepole ili harufu isisikike. "Employee": Bravo alimleta mpishi wake na sufuria. "Trainee": akaleta mkuruta aliyekuwa akitetemeka, nikamkalisha haraka. "Interviewee": hapo alijiteua mwenyewe, akajihoji kwa muda mrefu bila kukatwa. "Absentee": alisimama akaonyesha dawati tupu la kijana mmoja aliyekuwa akikaa karibu na dirisha. "Huyu, Madame. Alikuwako wiki iliyopita." Walinzi walicheka. Nilimpa pointi zake zote.

Kisha nikaandika "detainee". Nikaeleza kuwa ni mtu aliyeshikwa na kuwekwa ndani kabla ya kuhukumiwa. Nikaongeza, kama mtu anayefikiria mambo ya ufundishaji tu, kwamba mfano wa safari hii lazima awe mtu mwenye kazi ya mikono, fundi wa kitu fulani, na awe na Kifaransa kizuri, ili darasa liweze kumuuliza kwa Kiingereza kazi yake ni nini naye ajibu. Mkulima hafai, tulishamaliza mkulima kwenye "-er". Bravo aliandika kila sharti kwa makini, ulimi ukiwa nje kidogo. Nilikwenda nyumbani nikamwomba Mungu aletwe Étienne. Nawaambia nilivyoomba: nilisema awe yeye, na si mwingine yeyote.

Aliletwa yeye. Aliingia bila viatu, mikono imefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli, ndevu zimeota, shati limeshikamana na mgongo. Aliniona, akainamisha macho chini, akabaki hivyo. Niligeukia ubao. Nilikuwa na kipande cha muhogo mkononi, na niliandika neno lile upya, herufi kubwa, ingawa lilikuwa tayari limeandikwa, kwa sababu nilihitaji mahali pa kuweka uso wangu.

"What is your job?" nikamuuliza.

Kiingereza chake kilikuwa kile nilichomfundisha kwa utani tukila usiku. "I repair radio, Madam," akasema. Sauti ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa yake. Nilitaka kupiga magoti pale pale. Nikasema, "Good. Class, repeat." Na darasa zima la watu waliomfunga likarudia kwa sauti moja kwamba wanatengeneza redio.

"Points, Madame?" Bravo alikuwa ameshafungua daftari.

"Nusu," nikasema.

Uso ukabadilika. "Nusu ju ya nini? Ni fundi. Anajua Kifaransa. Amefungwa!"

"Mfano ni mzuri, komanda. Lakini huyu ni nusu ya somo. Kuna neno lingine, pacha wake." Nikaandika "returnee". "Huyu ni mtu aliyerudi kwake. Darasa haliwezi kuelewa neno moja bila lingine. Na ukiniletea mtu mwingine nitakukata, kwa sababu hakuna atakayeona tofauti. Lazima awe huyu huyu. Leo detainee, somo lijalo returnee. Aende kwake, aoge, avae shati, alale kwake, kisha arudi hapa atueleze."

Mlinzi mwenye viatu vya mume wangu akasimama. "Chef, huyu iko wa upande ile."

"Nyamaza," akasema Bravo. "Ni devoir, kazi ya klasi."

"Na asisindikizwe," nikaongeza. "Mtu anayekwenda kwake na bunduki mgongoni bado ni detainee."

Bravo alinitazama kwa muda. Kisha akamtazama Étienne, kisha ubao. Akatoa kisu, akakata ule mpira wa baiskeli. "Somo lijalo," akamwambia, "usichelewe. Madame hapendaka watu ya kuchelewa."

Nilifundisha mpaka mwisho wa saa. Niliwapa maneno mengine ambayo siyakumbuki hata moja, wakasimama, wakaimba, nikatoka nikitembea kama mtu asiye na haraka. Nyumbani nilimkuta Étienne amesimama katikati ya chumba, hajakaa, hajui akae wapi. Nilimshika. Alinuka chuma na mkojo, na nilimshika hivyo hivyo, tukalia wote wawili bila kutoa sauti kwa sababu ya ukuta wa jirani. Kabla jua halijazama tulikuwa uwanja wa ndege, kwenye hema za watu waliokimbilia kwa askari wa kigeni, tukiwa na kitenge kimoja na sufuria ya Mama Pelajia.

Pale nilipata kazi ya ukalimani, na elimu yangu ya mikia ikapanuka. Nilimwambia kijana mmoja wa shirika la misaada, mwenye kofia nzuri, kwamba sisi wakimbizi tunahitaji maji. Akanisahihisha kwa upole. Sisi hatukuwa "refugees", maana hatukuvuka mpaka. Nilikuwa nimekimbia, lakini inaonekana sikukimbia vya kutosha. "Evacuee" nalo halikutuhusu. Evacuee ni mtu anayeondolewa kwenye hatari kwa ndege pamoja na masanduku yake, na mfano hai tulimwona kila asubuhi akipanda ngazi, mara moja akiwa na mbwa. Sisi tulipewa jina refu lisilo na mkia wowote, "internally displaced persons", waliohamishwa ndani ya nchi yao, na maji yalikuja baada ya mvua.

Étienne hakusema mambo ya kontena kwa muda mrefu. Aliposema, alisema kwa kifupi, akitazama moto. "Mule tulikuwa tunalala kwa zamu, hakuna nafasi. Iko mwalimu moja wa Mudzipela, alikuwa ananiachiaka pembe yenye ilikuwa na tundu ya hewa." Nilikwenda kwa kijana mwenye kofia, nikamweleza mahali, rangi ya kontena, mlango unatazama wapi. Alinishukuru sana. Alisema taarifa yangu ni ya thamani. Askari wa kigeni walipoingia mjini hatimaye na kulifungua, lilikuwa tupu na limefagiliwa.

Baadaye vita vilipungua, shule ikafunguliwa na watu wenye funguo, nami nikarudi kwenye muhogo na betri. Nilifundisha mikia yote, "-er", "-less", "-ful", "-ship". Wengi wenu hapa mlipita mikononi mwangu. Mifano hai niliiacha, na mliponiuliza kwa nini, niliwajibu kwamba programu ya taifa haina nafasi.

Miaka ilikuwa imepita nilipokwenda sokoni kununua vitunguu. Nyuma ya fungu alikaa mtu mnene, mwenye miwani, akichambua maharage. Aliponiona akasimama wima, mikono ubavuni, kama wanavyosimama wanafunzi. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Alikuwa amerudisha silaha kama wenzake, akapewa mtaji, na sasa akina mama walimwita Papa Bravo na kumsifia kwamba hapunji.

"Madame! Uko mbaka leo!"

"Niko."

"Ile siku tulikungoja mu klasi. Mi na vijana yangu. Mbaka tulifagia." Alikuwa akiongea kwa masikitiko ya kweli. "Hamukukuya."

"Tulikuwa tumeondoka."

"Minajua. Alikuwa bwana yako."

Hakuuliza, alisema tu. Nilimuuliza alijua lini.

"Akiingia tu. Mutu mwenye amefungwa, akiingia mahali, anatafuta mulango ya kutokea. Yeye aliangalia miguu yako, kama iko na viatu."

Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikijiona mjanja, kumbe yule mtu alikuwa ameliona jambo lote na akakata ule mpira hata hivyo. Nawaambia ukweli, nilimshukuru. Nilisimama kati ya mafungu ya vitunguu nikamshukuru kwa moyo wangu wote, na machozi yakanitoka, naye akayaona, akatabasamu kama mwanafunzi anayejua amefaulu.

Ndipo nikamuuliza.

"Na wale wengine? Wenye walikuwa naye mule ndani?"

Akakunja uso. Hakukasirika. Alikuwa akitafuta kwa uaminifu nilichokuwa namaanisha, vile alivyokuwa akifanya darasani nikimuuliza neno ambalo halikuwa kwenye somo.

"Wale?" akasema. "Madame, wale haukuwaomba."

Alichukua mfuko, akanijazia vitunguu, akachagua kimoja kikubwa akakiweka juu kama nyongeza. Niliuacha mfuko mkononi mwake. Nyumbani Étienne aliniuliza kama soko limefungwa, nikamwambia ndiyo, limefungwa.